Jivu la Kupozea Chuma

Wanaonijua watakwambia Shaabani ni mkali. Ni kweli, na sibishani nao. Mtu anayekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta wake kuna mwanamume anayepiga chuma kwa nyundo ya kilo nane, akiwa mpole basi amekuwa kiziwi. Mimi masikio yangu ni mazima. Nimeishi na Byamungu ua mmoja hapa Buyenzi, choo kimoja, bomba moja, na tangu mwaka wa tisini na nne alipohamishia kazi yake nyumbani sidhani kama ilipita wiki bila mimi kusimama mlangoni kwake kumwambia aniache nipumzike. Sasa ananiacha nipumzike. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajipendelea.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha. Hakufua visu wala kutengeneza milango. Aliletewa vyuma vilivyopinda vya majembe ya trekta: mihimili, meno ya haro la kuvunjia mabonge, na hasa ile mikono miwili ya nyuma ya trekta inayonyanyua jembe na kulishusha. Mkono mmoja ni chuma kirefu kama mguu wa mtu mzima, kizito, na ukipinda hata kidogo jembe linakwenda upande na dereva anatukana siku nzima. Byamungu alijifunza kazi hiyo kwenye gereji moja ya mtaa wa Asiatique, alipofika kutoka Kabare, upande wa Bukavu, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mwenye gereji alipofunga na kuondoka nchini alimwambia achukue anachoweza kubeba. Mwingine angebeba redio na viti. Yeye alibeba shasi ya lori bovu, jeki kubwa, mnyororo, na feni ya moto ya kuzungusha kwa mkono. Wanaume wanane waliiburuta shasi ile kutoka Asiatique mpaka Buyenzi ikikwaruza lami, na nilipoiona inaingia uani nilimwuliza mke wake Consolée kama na sisi tutalala juu yake.

Consolée alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka wakati huo.

Byamungu hakuwasha moto kabla ya kuuliza swali lake. Dereva akishatua chuma chini, alikizunguka, akapitisha kidole pale kilipojikunja, halafu akauliza, "Kiligonga nini?" Hakuuliza kwa udaku. Alisema chuma kilichopindwa polepole matopeni na chuma kilichogonga kitu ghafla havinyooshwi namna moja. Zamani majibu yalikuwa kisiki, au jiwe, au mfereji. Vita vilipoingia, majibu yakabadilika, maana kule uwanda wa Imbo matrekta yalianza kulima mahali palipokuwa na nyumba za watu. "Musingi ya nyumba," madereva walimwambia. "Jiwe ya kusagia." Mmoja alikataa kabisa kujibu, akabaki ameutazama ukuta. Byamungu akakipasha chuma chake moto bila kuuliza tena, na Consolée aliniambia siku hiyo mumewe hakugusa chakula.

Kupima alitumia uzi wangu. Alikuja na kunyoosha mkono dirishani bila salamu, kama mtoto anayeomba pipi, nami nikamkatia uzi mweupe wa kushonea, huku nikimwambia kuwa duka si la baba yake. Tuliuvuta uzi, yeye upande huu na mimi ule, kutoka tundu la kwanza la mkono mpaka tundu la mwisho. Mwanga ukipenya kati ya uzi na chuma, bado. Usipopenya, tosha. Basi ndivyo fundi cherehani alivyojikuta ananyoosha vyuma vya trekta, na sitakudanganya, nilikuwa naona fahari.

Lakini kitu alichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa jivu. Jivu la pumba za mpunga, si la kuni wala la makaa. Alichimba shimo refu kando ya shasi, urefu wa kaburi la mtoto, akajaza pumba kutoka kwenye mashine za kukoboa, akazichoma taratibu mpaka zikawa jivu jepesi la kijivu. Chuma kikishanyooshwa kikiwa chekundu, alikizika humo mzimamzima na kukiacha siku mbili. Jivu lile linashika joto kama mgumba aliyeshika mtoto wa kuazima. Ukizika yai asubuhi, mchana unalimenya. Alisema chuma cha namna ile kikipoa haraka kinapasuka kwa ndani, ufa mwembamba ambao macho hayauoni, na ufa ule unasubiri. Maji hayakuruhusiwa kukaribia. Hata mimi nikinawa miguu kwa ajili ya swala nilitakiwa kunawia upande wa pili wa ua.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu ya kwanza.

Ilikuwa Julai ya tisini na tano, kiangazi, upepo unapuliza. Nilikuwa na gauni la harusi la binti wa Dorothée, mwenye duka la vitambaa, mteja wangu mkubwa. Gauni jeupe, lina pindo la lesi nililolishona kwa mkono siku nne. Nililitundika mlangoni nilipokwenda msikitini, na niliporudi lilikuwa limekuwa la kijivu toka kifuani mpaka chini. Jivu la pumba halipanguswi. Ukilipangusa linaingia ndani ya uzi. Damu ikanipanda kichwani. Nikachukua koleo na karai, nikashuka shimoni kwa Byamungu, nikachota jivu lake lote, makarai kumi na moja, nikaenda kulimwaga kwenye mtaro wa avenyu. Mchana kweupe, majirani wakinitazama.

Consolée alitoka akipiga kelele kwamba nina wazimu. Byamungu alikuwa ameketi juu ya shasi anakunywa chai. Hakuinuka.

"Mama Benite, muache," alimwambia mkewe. Benite ni binti yao, wakati huo alikuwa ameshaolewa Uvira. "Muache amalize hasira. Pumba iko mingi, ntaleta ingine."

Na alikuwa sahihi kwa siku ile. Pumba zilikuwa za kugawa bure. Alileta magunia mawili, akachoma, akapata jivu la kutosha nusu ya shimo, akasema lingine ataongeza polepole. Hakuwahi kuongeza. Mwaka uliofuata mashamba mengi ya mpunga yakabaki nyasi, watu wamekimbia au wamekusanywa makambini, na mashine za kukoboa zikanyamaza moja baada ya nyingine. Julai ya tisini na sita nchi jirani zikatufungia mipaka, ile tuliyoiita ambargo, na vipuri vipya vikaacha kuingia. Hapo ndipo kila aliyekuwa na kipande cha trekta kilichopinda alipomkumbuka Byamungu. Kazi ilimjaa wakati jivu linamwisha. Kila chuma kinachozikwa kinatoka na jivu lake kidogo, upepo nao unachukua, na mvua ikivuja pembeni inaligandisha. Kufika mwisho wa mwaka shimo lilikuwa na jivu la kufunika nyayo tu. Alikuwa anakubali kazi ndogondogo pekee, za kubana kwa jeki bila moto.

Januari ya tisini na saba akaja Sylvère.

Sylvère alikuwa dereva wa ushirika mmoja wa wakulima wa mpunga huko kaskazini mwa jiji. Mnene, mwenye sauti ya kujaza ua, na mtu pekee aliyeweza kunitania nikacheka. Kila alipokuja aliniambia siku moja ataniletea gunia la turubai nilishonee trekta lake suruali. Asubuhi hiyo hakutania. Aliteremsha mkono wa trekta kutoka begani, akautua juu ya shasi, na hata mimi nikiwa dirishani niliona ulivyojikunja karibu na ncha.

"Kiligonga nini?" Byamungu akauliza.

"Musingi, muzee. Nyasi ilikuwa imefunika. Sikuona."

Halafu akaeleza. Kando ya barabara kulikuwa na kambi, wanawake na watoto wengi kuliko wanaume, na ushirika ulikuwa umepata ruhusa ya kuwalimia mashamba ya zamani ili wapande mpunga kabla msimu haujapita. Askari walikubali kuwasindikiza siku sita tu. Waliondoka jijini asubuhi, na saa tisa alasiri walipiga filimbi ya kurudi, maana baada ya hapo barabara haikuwa ya mtu. Siku tatu zilikuwa zimekwisha.

"Kesho kama siko na huu mukono, mashamba inabaki vile," Sylvère alisema. "Bale bamama batakula nini mwaka muzima? Mi ndo naonana nabo kila siku, muzee. Si we."

"Hii haiwezi kunyooka bila moto," Byamungu alisema. "Na ikipita mu moto, inaomba siku mbili ndani ya jivu."

"Siku mbili siko nazo."

"Na jivu mi siko nayo."

Mimi nilijifanya nasukuma kitambaa. Byamungu angeweza kugeuza kichwa na kunitazama wakati ule, na ningestahili. Hakugeuza.

Consolée ndiye aliyesema labda jivu la jikoni litafaa. Byamungu alisema halina nguvu ya lile la pumba, lakini likiwa jingi na kavu, labda. Basi Consolée akachukua karai akaenda mlango kwa mlango. Makaa yalikuwa yamepanda, watu walikuwa wanapika mara moja kwa siku, na jivu la mbabula, jiko la makaa, ya kupikia mara moja ni kiganja cha mkono. Mmoja alimpa kopo, mwingine nusu kopo. Mwanamke mmoja alimfungia mlango, akidhani ni mambo ya uchawi. Mimi nilifungua pasi yangu ya makaa nikakung'uta kilichokuwemo ndani: vikombe viwili. Nilikwenda kulimimina shimoni mwenyewe na nilitamani ardhi inimeze.

Adhuhuri wakawasha moto. Sylvère alizungusha feni, jasho linamtiririka, na Byamungu akakipasha chuma mpaka kikawa na rangi aliyoitaka, akakifunga kwa mnyororo juu ya shasi, akapandisha jeki kidogo, akapiga, akarudisha motoni. Mara nne. Kati ya moto na moto tulivuta uzi, kwa haraka, usiungue. Mara ya nne mwanga haukupenya. Sijapata kuona kazi safi kama ile. Ungedhani chuma kimetoka kiwandani jana.

"Tosha," nilisema.

Wakakiingiza shimoni, na hapo ndipo tulipoona kwamba jivu la avenyu nzima lilifika katikati tu ya mkono. Nusu ilizikika vizuri. Nusu nyingine, ile iliyokuwa imepinda, ilibaki wazi, ikiwa bado na wekundu. Byamungu alikuwa ameliona hilo mapema, kwa hiyo walikuwa wameweka mchanga juu ya bati kuukaanga motoni ukauke. Mchanga wa Januari. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Juu ulikuwa umekauka na kupauka, chini hakuna aliyeupapasa, wakaumwaga juu ya chuma upesi kwa sababu matone mapya yalikuwa yameshaanza, kisha wakafunika kila kitu kwa bati jingine.

Tukakimbilia chini ya upenu wangu, wanaume watatu tumebanana kama kuku. Sylvère alikuwa amerudiwa na uchangamfu. Alisema wakivuna mpunga ule atamletea Byamungu lori zima la pumba, jivu limzidi mpaka atafute mtu wa kulimwaga. Akanikonyeza. Alikuwa anajua, kumbe Buyenzi nzima ilikuwa inajua. Nilicheka kwa taabu.

Ndipo niliposikia. Sauti ndogo, kavu, kama mtu kagonga glasi kwa ukucha. Ilitoka shimoni. Nilikuwa nimeishi na vyuma vile miaka mitatu, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Byamungu akainua kichwa. Masikio yake yalikuwa yameshaharibiwa na nyundo, hasa la kulia.

"Shaabani, umesikia kitu?"

Nitaeleza nilichokuwa nacho moyoni, kwa sababu nimekirudia mara nyingi kiasi kwamba nakijua kama njia ya kwenda msikitini. Nilikuwa nataka yaishe. Nilikuwa nataka mkono ule uwe mzima, Sylvère aondoke nao, mashamba yalimwe, na makarai yangu kumi na moja yasiwe na maana yoyote. Ningesema nimesikia, angefukua, angekataa kuutoa, na kila mtu angesema makarai yangu ndiyo yaliyoharibu kazi.

"Ni mvua," nilisema. "Inagonga bati."

Akanitazama kidogo. Halafu akaamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na masikio.

Asubuhi Sylvère alikuja mapema kuuchukua. Byamungu aliukagua mwanga ulipopanda. Zamani alikuwa akipaka mafuta ya taa, akapangusa, akasugua chaki, na palipo na ufa mafuta yanatoka na kuchora mstari. Kwa ambargo ile mafuta ya taa hayakuwepo hata ya koroboi. Akapapasa kwa kidole, akautazama huku na huku, akaushikilia kwa muda mrefu kama mtu ambaye hataki kutoa. Kisha akampa.

"Usinyanyue jembe kwa haraka," alimwambia. "Na kama inakatika, acha jembe, acha trekta, panda na askari. Umesikia?"

"Muzee, jembe ni moja. Nikiacha, nitarudi na nini?"

"Acha tu."

"Haya, nitaacha," Sylvère alisema, akacheka, akauweka mkono begani. Mlangoni aligeuka akaniambia suruali ya trekta iwe na mifuko miwili.

Yaliyofuata tulielezwa na Valéry, msaidizi wake, aliyekuwa naye shambani. Walilima vizuri mpaka saa nane. Wanawake wa kambi walikuwa wamesimama kwenye tuta wanatazama, na wengine walikuwa wameshaanza kuchukua majembe ya mkono kuvunja mabonge. Kwenye kona ya mwisho Sylvère alinyanyua jembe ageuze, mkono ukakatika kwa kishindo, na jembe likaanguka upande na kujizika matopeni likiwa bado limefungwa kwenye trekta. Wakahangaika nalo. Saa tisa filimbi ikalia. Askari walisema waache kila kitu. Wanawake wakakimbia kurudi kambini. Sylvère akamwambia Valéry apande lori, yeye atafunga jembe kwa mnyororo atoke nalo nyuma yao, dakika kumi tu. Valéry alimvuta shati. Sylvère alimwambia aache utoto.

Asubuhi waliporudi walimkuta kando ya jembe, mnyororo bado umezungushwa mkononi. Trekta lilikuwa limechomwa. Ni nani waliofanya? Wengine walisema hawa, wengine wakasema wale, na kila mmoja alisema kwa sauti ya chini huku akitazama nyuma. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba angekuwa na mkono mzima angekuwa nyumbani saa kumi.

Siku ya nne Valéry alikuja na baiskeli, amefunga gunia nyuma. Ushirika ulikuwa umepata trekta la kuazima na ulikuwa unauliza kama mkono unaweza kuungwa. Akavifungua vipande viwili, akaviweka juu ya shasi. Kwa mara ya kwanza Byamungu hakuuliza kiligonga nini. Alichukua kipande kifupi akakigeuzia juani, akatazama pale kilipokatika. Nilitoka nikasimama karibu yake.

Mahali chuma kilipokatika palikuwa pamejaa punje zinazong'aa, kama sukari guru ukiivunja. Isipokuwa upande mmoja. Pembeni kulikuwa na utepe mweusi, upana wa kidole cha mwisho, wenye kutu changa.

"Hii yenye inang'aa imekatika kule," Byamungu alisema polepole. "Hii nyeusi imekatika hapa. Kwetu. Siku ile ya mvua."

Utepe ule ulikuwa kwenye ile nusu iliyozikwa mchangani. Valéry alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, hajaelewa. Byamungu alivirudisha vipande ndani ya gunia, akalifunga, akamrudishia. "Uwaambie apana," alisema. "Hainyooki."

Jumapili iliyofuata akanifuata akiwa amevaa koti, akaniomba nimsindikize mtaa wa Gasenyi kwa mjane wa Sylvère. Sikuweza kukataa na sikuweza kwenda, lakini nilikwenda. Mjane huyo, Spéciose, alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani ya nyumba iliyojaa wanawake. Ni mwanamke mdogo wa umbo, ana macho makavu. Byamungu hakukaa. Alisimama mbele yake kofia mkononi, mimi nyuma yake, akasema alichokuja kusema.

"Mama, chuma yenye ilikatika ni mi nilinyoosha. Ilikuwa na ufa. Ufa ulitokea kwangu."

Spéciose aliinua macho akamtazama.

"Aliniambia," alisema. "Ule usiku alirudi akaniambia muzee hapendi hii kazi, muzee anaogopa. Kama uliogopa, kwa nini haukumukatalia? We ndo fundi. Ungesema apana, angefanya nini? Angekasirika, angerudi nyumbani, tungekula."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

"Nilisikia kitu," Byamungu alijibu. "Wakati chuma inapoa. Kidogo sana. Nikazani ni mvua."

Nikazani, alisema. Hakusema nimeambiwa. Hakunigeukia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya koti lake, jibu la mwanamke yule liko mdomoni mwangu zima, na nikalimeza. Tulirudi kwa miguu mpaka Buyenzi.

Tangu siku hiyo Byamungu amejifunza kusema apana. Walimjia madereva wa pamba, wa miwa, mpaka bwana mmoja wa wizara na dereva wake. "Apana. Sinyooshi." Waliomba, wengine waliapa, mmoja alimpigia magoti. Apana. Consolée, aliyekuwa na umri wa kukaa na wajukuu, akaanza kwenda Gatumba mpakani, akileta dagaa na mafuta ya mawese kwenye beseni, na miguu yake ikavimba. Alinililia mara moja tu, akiwa mlangoni kwangu. "Fundi Shaabani, we anakusikiliza. Muambie apige hata nyundo moja. Hii kimya itamuua." Mimi, niliyemlalamikia kelele zake miaka mitatu, nikaenda kumwomba apige nyundo. Akatabasamu tu. Alisema sasa nitashona vizuri.

Mwaka uliofuata nilijikaza nikamwomba radhi kwa habari ya jivu. Nilisema nililimwaga kwa hasira, kwamba lingekuwepo Sylvère angekuwepo. Ilinichukua wiki kuyapanga maneno.

"Lakini nilikuona," alisema. "Ulimwaga muchana, mi nakunywa chai. Ningeweza kukuzuia."

Akanishika bega. Hapo ndipo ningesema lile la pili. Mlango ulikuwa wazi. Nikamshukuru, nikaenda kuswali, na nilipoinamisha paji la uso sikupata neno hata moja la kumwambia Mungu.

Mpunga umerudi Imbo, si wote. Mashine za kukoboa zinanguruma, na pumba zimekuwa za kugawa bure tena. Naenda mwenyewe na mkokoteni. Naleta magunia, nachoma taratibu kama alivyokuwa akichoma yeye, na kila jioni nakung'uta jivu la pasi yangu juu yake. Limejaa mpaka ukingoni, jivu zuri, jepesi, kavu. Wateja wanalalamika nguo zinanuka moshi. Nawaambia watafute fundi mwingine. Shasi imeota kutu, na Byamungu huketi juu yake mchana kutwa, mikono magotini, anatazama shimo lisilo na chuma.

Hajawahi kuniuliza tena. Ila mvua inapoanza, yale matone ya kwanza yakigonga bati, anainua kichwa na kunigeuzia sikio lake la kushoto, lile lenye uzima kidogo, na kunitazama dirishani. Anangoja. Nami nakanyaga cherehani kwa nguvu zote, hata kama hakuna kitambaa chini ya sindano.